Mkalimani wa Manung'uniko

Kornelio wa Nyangamara hakuajiriwa kwa nguvu za mikono, na mikono yake yenyewe ilishuhudia. Wenzake wa shamba la mkonge walikuwa na vidole vilivyochanjwachanjwa na miiba, na utomvu umewababua mpaka viwikoni. Yeye vidole vyake vilikuwa laini kama vya bibi harusi. Kazi yake ilikuwa mdomo. Kila asubuhi alisimama kwenye baraza ya Bwana Meneja, kofia mkononi, akageuza Kiswahili kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kiswahili mpaka koo likamkauka. Kwa mdomo huo alipewa nyumba ya bati yenye tangi la maji ya mvua, na mwanawe Klementi akapata nafasi katika shule ya misheni. Kambini walimwita Karani. Mkewe Apolonia alimwita Baba Klementi. Mtu mmoja tu alimwita majina mengine yasiyoandikika, naye alikuwa mtani wake, Pazi.

Shamba lilikuwa bara kidogo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Lindi mjini. Miaka ile, baada ya vita vya pili vya Wazungu, mkonge ulipanda bei, na Waingereza waliutaka kama mgonjwa anavyotaka dawa. Watu walimiminika kutoka vijijini kutafuta kodi ya kichwa na nguo ya mke. Mtu akishapokea kipande cha kazi, ile kadi ya kuhesabia siku zake, kutoka ilikuwa shida kuliko kuingia. Kuingia uliingia kwa miguu yako. Kutoka ulihitaji ruhusa.

Kornelio alikuwa na Kiingereza kizuri cha misheni, lakini neno lililomweka kwenye ile baraza miaka yote hakufundishwa na mapadre. Alifundishwa na Meneja, na alifundishwa kwa mgongo wa mtu mwingine.

Mwaka wake wa kwanza kazini, mkata mkonge mmoja aitwaye Abilahi alikuja barazani uso umevimba. Nyapara alikuwa amempiga bakora. Kornelio alitumia neno alilolijua, complain: Abilahi analalamika, Bwana. Meneja akaweka chini kikombe cha chai. Akauliza jina la mtu, jina la nyapara, mahali, nani aliona. Akaandika yote. Abilahi akatoka pale kifua mbele. Juma halikwisha, kipande chake kikachanwa, na Kornelio akamwona barabarani kwenye mvua, mkewe nyuma amejitwika mkeka na sufuria, wanakwenda wasikokujua.

Jioni ile Meneja alimwita. Hakuwa na hasira. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Kornelio, mtu akilalamika, mimi sina budi kuandika. Nikiandika, sina budi kumjibu Afisa wa Kazi aliyeko Lindi. Nisipotaka kujibu, sina budi kumwondoa mtu. Lakini akinung'unika tu, sina cha kuandika, na yeye anabaki na kazi yake. Watu wangu hawalalamiki. Wananung'unika. Jifunze tofauti, utawasaidia."

Neno alilompa lilikuwa grumble. Kambini, ambako kila neno la Kizungu lilivuliwa viatu kabla ya kuingia, likawa grambo.

Kornelio alilichunguza neno hilo kwa muda mrefu, maana alikuwa mtu wa kupenda maneno. Aligundua kwamba lilikuwa neno la tumbo lenye njaa, na la radi ya mbali isiyoleta mvua, na la mzee anayeota moto akisema na nafsi yake. Anayelalamika ana mtu anayemlalamikia. Anayenung'unika hana, hasemi na yeyote, na kwa hiyo hakuna anayewajibika kumjibu. Ukimwambia Mzungu kwamba watu wanalalamika, atauliza, nani? Ukimwambia wananung'unika, atatazama mawingu aone kama kutanyesha.

Basi akaanza kulitumia. Tuseme kweli: hakulitumia kwa ubaya. Alimkumbuka mke wa Abilahi na sufuria kichwani, akasema moyoni, funika kombe mwanaharamu apite. Unga wa posho ukiwa na wadudu, alisema wananung'unika juu ya unga. Mtu akifanyishwa kazi akiwa na homa, alisema ananung'unika juu ya homa. Meneja alitabasamu, akasema ataangalia, na hakuna aliyefukuzwa. Kornelio alikwenda nyumbani akala ugali wake kwa amani, akijiona ni mwavuli wa watu.

Nao watu wakampenda. Walilisikia neno lile likitajwa kila shauri lao lilipofika barazani, wakaona hakuna anayechaniwa kipande tena, wakaamini ni neno zito lenye baraka. Mtu alikuja mlangoni kwake akasema, "Karani, hodi. Nina grambo langu, naomba unifikishie." Mwingine alijisifu kilabuni kwamba grambo lake limefikishwa juzi na Bwana ameahidi kuangalia. Kornelio aliposikia hivyo alikunja uso kidogo. Angewaeleza nini? Kila mwaka uliopita ulifanya kueleza kuwe kugumu zaidi.

Pazi peke yake hakumsifu, lakini Pazi hakuwa mtu wa kusifu. Alikuwa Mngindo wa Kikole, upande wa Kilwa, fundi wa kulisha majani kwenye korona, ile mashine inayokwangua mkonge ukabaki nyuzi. Wamwera, kabila la Kornelio, na Wangindo wa kambi ile walitaniana kama mababu zao, na maneno ya mtani hayana kesi. Pazi aliweza kuingia uani kwa Kornelio akamkamata kuku bila hodi. Aliweza kumwita Mdomo wa Kukodi mbele ya manyapara. Kornelio naye alimjibu kwamba Wangindo waligawiwa akili jioni, Mungu ameshachoka. Walikuwa wa rika moja, wakicheka wakipigana viganja, na kati ya watu wote wa shamba lile, ni kwa Pazi tu Kornelio alipumua.

Sasa, korona hunywa maji kupita ng'ombe, na ikishayanywa huyatapika. Maji yatokayo huko ni ya kijani, yana povu, na harufu yake hukaa kwenye nguo hata ukizifua. Zamani mfereji wake ulipita mbali. Lakini bei ilipopanda, Meneja alifunga mashine ya pili, na mfereji ukazidiwa, ukapasua ukingo, ukaanza kuchuruzika bondeni kilipo kisima cha kambi. Wanawake ndio waliotangulia kujua. Bi Kijakazi, mzee aliyekuwa akiwapikia wakata mkonge, alisema maji yanamwasha mikono. Kisha uji ukabadilika rangi. Kisha matumbo yakaanza.

Katika kambi hiyo aliishi Benedikto, mdogo wake Kornelio. Kornelio mwenyewe ndiye aliyemtoa Nyangamara, akamwahidi mama yao kwamba atamtazama kama mboni ya jicho. Apolonia alikuwa akimpelekea shemejiye debe la maji kutoka kwenye tangi lao, lakini Benedikto alikuwa wa tabia ile ambayo mama zetu huisifu na kuisikitikia kwa pamoja. "Nitakunywaje peke yangu na wenzangu wananitazama?" alisema, akagawa. Kabla ya adhuhuri debe lilikuwa tupu, naye anachota kisimani kama wengine.

Siku moja alikuja kwa kaka yake akakaa kwenye kizingiti, hakutaka kuingia ndani.

"Kaka, lile grambo la maji umelifikisha?"

"Nimelifikisha."

"Bwana anasemaje?"

"Ataangalia."

"Mwezi mzima anaangalia. Anaangalia kwa macho gani?"

Kornelio alimwambia awe na subira. Na ni kweli alikuwa amelifikisha, si mara moja. Wananung'unika juu ya maji, Bwana. Meneja alijibu kwamba hata kisima cha zamani walikinung'unikia, na kwamba kugeuza mfereji ni kusimamisha korona katika msimu wenyewe wa bei. Kornelio alijua fika neno ambalo lingemlazimisha kuandika. Lilikuwa pale pale mdomoni. Alijua pia swali litakalofuata, nani, na alijua kwamba atakayetajwa atafuata njia ya Abilahi, na kwamba baada ya huyo atafuata mkalimani aliyemtaja, na nyumba ya bati, na shule ya Klementi. Alihisi amefungwa mikono na miguu na kitu kisichokuwa hata na kamba.

Ndipo ikaja habari kwamba Afisa wa Kazi mwenyewe anakuja kutoka Lindi kukagua shamba, na kwamba ataita watu wote barazani awasikilize.

Wazee wa kambi walikaa kikao. Benedikto alisimama akasema atazungumza yeye, kwa maneno machache, maji ni mabaya, tunaumwa, mfereji ugeuzwe. Wazee walimkalisha. "Kijana, jambo zito halisemwi na mwenyewe," alisema mmoja wao. "Mwenye msiba hajisemei. Mtani humsemea." Wote waliafiki, maana ndivyo ilivyo: shauri dogo utalisema wewe, lakini lile linalogusa roho anapewa mtani, aliseme kwa mzaha, ili lisimvunjie mtu heshima na lisiwe na kesi. Kadiri watu wanavyocheka ndivyo shauri linavyokuwa kubwa. Kambi karibu yote ilikuwa ya Wamwera. Wakamwita Pazi.

Kornelio alikuwepo kikaoni. Aliona wazi kwamba Mzungu hataelewa. Alitaka kusema, akafungua kinywa, kisha akafikiri: Pazi akisema kwa mzaha, hakuna atakayechaniwa kipande. Akafunga kinywa.

Siku ya baraza Pazi alitokea amejifunga kaniki ya mjane, kichwa amekifunika, bakuli la maji ya kisima mkononi. Akatembea kwa kuchechemea mpaka mbele ya meza, akapiga magoti, akaanza kulia kwa sauti ya kike.

"Bwana Mkubwa, nimefiwa. Nimefiwa na tumbo langu. Lilikuwa mume mwema, likipewa ugali linalala. Tangu nimletee mke wa pili, huyu kisima, halilali ndani tena. Usiku kucha liko chooni. Nikiliuliza, mume wangu, umelogwa? linanijibu kwa mlango wa nyuma."

Watu wakaangua kicheko. Wanawake wakapiga vigelegele. Pazi akainuka, akamgeukia Meneja, akamwinamia kwa adabu nyingi mno. "Shemeji, karibu maji. Umekuja kwangu mara ngapi, sijakupa hata maji? Watu watasema sina adabu." Akamsogezea bakuli puani. Meneja akarudi nyuma na kiti chake, na kicheko kikapanda mpaka manyapara wenyewe wakashika mbavu. Bi Kijakazi alicheka huku machozi yanamtoka, na hayakuwa machozi ya kicheko. Benedikto, aliyekuwa ameegemea nguzo kwa udhaifu, alicheka naye.

Afisa wa Kazi alikuwa kijana mwenye uso mwekundu na moyo usio mbaya. Alicheka kwa dhati, akajipangusa macho kwa leso. Kisha akamgeukia Kornelio. Aliuliza mtu huyu mcheshi anataka nini.

"Ni maji ya kisima, Bwana," alisema Kornelio.

"Ni kawaida yao," alidakia Meneja. "Wananung'unika, wanafurahi, wanarudi kazini. Muulize mkalimani, ni mtu wao mwenyewe."

Afisa alimtazama Kornelio sawasawa. Akamweleza polepole, kwa uangalifu, ili mambo yawe halali: kama ni malalamiko, yeye ataandika, na kisima kitakaguliwa, lakini malalamiko lazima yawe na mwenyewe, atajwe jina, asimame hapa, na Meneja apewe nafasi ya kumjibu. Kama ni manung'uniko tu, basi, hakuna haja ya kumsumbua mtu. "Je, wanalalamika au wananung'unika?"

Watu walikuwa bado wanacheka. Kornelio aliona kwamba kumweleza Mzungu utani kungemchukua mpaka jioni, na Afisa alikuwa ameshaanza kutazama mawingu. Akamtazama Pazi katika kaniki yake ya mjane. Jina lingekuwa hilo. Pazi alikuwa na watoto Kikole waliongoja nguo. Akamtazama Meneja, ambaye hakumtazama hata kidogo. Alikuwa akipangusa kiatu. Akamtafuta mdogo wake penye nguzo, akamwona anamwangalia kwa matumaini ya mtu aliyemkabidhi mwenzake mzigo wake wote.

"They grumble, sir," alisema Kornelio.

Afisa alishukuru, akafunga mkoba wake. Watu walilisikia neno lao, wakapiga makofi.

Pazi alimfuata pembeni, akivua kaniki. "Umemwambiaje, mtani?"

"Nimempa grambo lenu."

"Basi leo limefika kwa mwenyewe," alisema Pazi, na hakumtania tena siku ile.

Benedikto alianguka shambani katikati ya mistari ya mkonge. Alipelekwa kwenye zahanati ya shamba, akapewa chumvi ya kuharisha, yeye aliyekuwa anaharisha tayari, kwa sababu hiyo ndiyo dawa iliyokuwepo. Kornelio alimchukua nyumbani kwake, akamlaza kitandani, akamnywesha maji ya tangi kwa kijiko. Apolonia alimkanda miguu. Maji ya tangi yalikuwa matamu na safi, nayo yalitoka mwilini mwake kama yalivyoingia. Alipokaribia mwisho alimwuliza kaka yake kama Afisa amerudi. Kornelio akasema yuko njiani. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu wa kwao alilila peke yake.

Walimzika pembeni ya kambi, kwa kuwa Nyangamara ilikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Mwalimu wa dini alisoma sala zake akamaliza. Jeneza la mbao za masanduku lilikuwa tayari kushushwa, ndipo Pazi akaruka ndani ya kaburi, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani.

Hakuna aliyeshangaa. Mtani ana haki yake msibani. Bila yeye maziko hayajakamilika. Watu walicheka kidogo, kicheko cha machozi, na mmoja akatupa senti. Pazi akairudisha juu. Apolonia akaahidi kuku.

"Sitaki kuku wenu," alisema Pazi kutoka chini. "Kuku wa Karani nawala kila siku bila kufiwa. Leo nataka kitu kingine, tena nataka kutoka kwa Karani mwenyewe. Nisipopewa, sitoki katika hili shimo, na Benedikto atazeeka juu ya ardhi."

"Sema, mtani," alisema Kornelio. Alikuwa amesimama ukingoni.

"Nataka maana ya neno. Lile grambo." Pazi alikuwa bado amelala, akitazama mbingu, sauti yake ikiwa ya mzaha kama desturi ilivyotaka. "Mimi ni Mngindo, akili nimegawiwa jioni, lakini macho nilipewa asubuhi. Siku ile nilimchekesha Mzungu, akacheka. Vizuri, nilitaka acheke. Kisha akaacha kucheka. Akakuuliza kitu kwa uso wa mtu mzima. Nikasema, haya, sasa limemfika. Ukamjibu grambo. Akafunga mkoba. Nimelala siku zote nikiufikiria ule mkoba. Ni neno gani hilo linalofunga mkoba? Nipe maana yake, nitoke."

Watu walimngojea Karani. Walitaraji jibu la utani. Kornelio alijua angeweza kudanganya. Kiingereza kilikuwa chake peke yake. Lakini mtani aliyelala kaburini hadanganywi. Ukimdanganya pale umemdanganya maiti, na maiti alikuwa Benedikto.

"Maana yake ni kunung'unika," alisema.

"Kumnung'unikia nani?"

"Hakuna. Ni mtu na nafsi yake."

"Na anayesikia hufanya nini?"

"Hafanyi kitu. Si lazima afanye."

Pazi aliinuka, akakaa. Mzaha ulikuwa umekwisha katika sauti yake. "Kuna neno jingine? La kumfanya afanye?"

"Lipo."

"Unalijua?"

"Nalijua," alisema Kornelio. "Nililijua tangu shuleni."

Hakuna aliyemlaani. Bi Kijakazi alivuta kanga yake akajifunika uso. Pazi alishika ukingo, akajivuta, akatoka na udongo mgongoni, akasimama uso kwa uso na Kornelio, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Watu walingoja tusi. Kornelio alilingoja kuliko wote, alilitamani. Alitamani atukanwe kwa mama na baba na ukoo mzima, kwa sababu tusi la mtani ni kama mkono begani. Pazi alimtazama, akakung'uta udongo magotini, akapita pembeni yake.

"Haya, mshusheni ndugu yetu," aliwaambia watu.

Kesho yake korona hazikuwaka. Kabla umande haujakauka, kambi nzima ilipita mbele ya baraza ya Meneja ikielekea barabara ya Lindi, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na mtungi au debe au kibuyu cha maji ya kisima kichwani. Hawakuimba. Hawakumtazama mtu. Meneja alitoka na nguo zake za kulalia.

"Wanakwenda wapi?"

"Lindi, Bwana. Kwa Afisa."

"Nani atawakalimania? Watasema nini?"

Kornelio aliyaona maji yanavyomwagika kidogo kidogo mabegani mwa watu, ya kijani, na harufu yake ikijaza baraza. Akaona kwamba hawakuhitaji kukalimaniwa na yeyote. Katikati ya mstari aliona kanga anayoijua. Apolonia alikuwa amejitwika debe, lile lile la kumpelekea Benedikto, naye hakulijaza kwenye tangi. Akapita bila kugeuza shingo.

"Wanalalamika, Bwana," alisema Kornelio, na akalitumia neno lenyewe, complain, kwa mara ya kwanza tangu siku ya Abilahi.

"Nani? Nitajie jina."

"Andika langu. Kornelio."

Meneja alimtazama kwa mshangao, kisha akacheka, si kwa ukali. "Wewe? Wewe una tangi, Kornelio. Hujapata kunywa maji yale hata siku moja. Tafadhali, usianze kunung'unika na wewe." Akaingia ndani kuvaa suruali.

Afisa wa Kazi alikuta mitungi imepangwa mlangoni kwake mpaka barabarani. Alimimina mmoja katika bilauri, akaunusa, akaita gari. Mfereji ukageuzwa, korona zikasimama kwa muda, na kisima kipya kikachimbwa upande wa juu, chenye ukingo wa saruji. Hakuna aliyefukuzwa, maana kufukuza kambi nzima ni kujifukuza mwenyewe. Hata Kornelio hakufukuzwa. Aliomba ruhusa ya kurudi Nyangamara, Meneja akakataa, akasema mkalimani mwaminifu hapatikani hivi hivi. Kusema kweli hakuomba mara ya pili. Mama yake alikuwa Nyangamara, na mama angeuliza Benedikto alisemaje mwisho.

Apolonia aliendelea kumpikia na kumfulia, na akawa anachota maji kwenye kisima kipya pamoja na wenzake, akiliacha tangi lijae mpaka limwagike. Mlangoni hapakuja mtu tena na grambo lake. Mwenye shauri alilipeleka Lindi mwenyewe, kwa Kiswahili, na Afisa akaanza kujifunza Kiswahili kwa lazima. Asubuhi Kornelio alisimama barazani, kofia mkononi, Meneja akamwuliza watu wanasemaje, naye akasema hajui, na ilikuwa kweli.

Siku moja, miezi kadhaa baadaye, alijikaza akaenda kisimani mwenyewe. Pazi alikuwa pale ananawa miguu baada ya zamu. Kornelio alisimama mbele yake. Alikuwa amejiandaa, alikuwa na maneno ya uchokozi juu ya Wangindo, mapya, aliyoyatunga njia nzima.

"We Mngindo," alianza, "nasikia hata maji safi yanakukimbia."

Pazi aliacha kunawa. Akasimama, akafunga vifungo vya shati, akavua kofia yake, akainamisha kichwa, huyu wa rika lake aliyemlia kuku wake miaka yote bila hodi.

"Shikamoo, Bwana Karani," alisema.

Wanawake waliokuwa wakichota walisimamisha kamba wakatazama. Na kwa kuwa shikamoo haikataliwi, Kornelio hakuwa na njia. Akaitika, "Marahaba."